Theluthi Iliyobaki: Mvinyo wa Pontet-Canet wa Mwaka 2018

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Chupa hii iliyo mezani ni Château Pontet-Canet ya mwaka 2018, mvinyo mwekundu wa Pauillac, huko Médoc, kusini magharibi mwa Ufaransa. Nitaifungua tukimaliza. Kwanza nataka tuzungumze kwa nini chupa za mwaka huo ni chache.

Shamba lenyewe ni la karne ya 18, na jina la Pontet limetokana na Jean-François de Pontet, aliyekuwa gavana wa Médoc enzi za wafalme. Mwaka 1855, kwa ajili ya Maonyesho ya Paris, madalali wa Bordeaux waliyapanga mashamba ya Médoc katika madaraja matano kwa kufuata bei za mvinyo wake. Pontet-Canet likaangukia daraja la tano, na liko hapo mpaka leo, ingawa linapakana na Mouton Rothschild, lililo daraja la kwanza. Familia ya Tesseron ililinunua mwaka 1975. Mwaka 2004 Alfred Tesseron na msimamizi wake wa shamba, Jean-Michel Comme, walianza kujaribu kilimo cha baiodainamiki kwenye hekta 14. Mwaka uliofuata wakaliingiza shamba zima, hekta 80 hivi.

Kilimo hiki kilitokana na mihadhara minane aliyoitoa mwanafalsafa wa Austria, Rudolf Steiner, mwezi Juni 1924 huko Koberwitz, ambako siku hizi ni Poland. Alifundisha kwamba shamba ni kiumbe kimoja kilicho hai, kinachopaswa kujilisha chenyewe. Dawa yake mashuhuri ni ile namba 500. Unajaza samadi mbichi ya ng'ombe ndani ya pembe, unalifukia kabla ya majira ya baridi, unalifukua yanapoanza machipukizi. Kinachotoka ni cheusi, laini, kinanukia udongo wa msituni. Unachukua gramu 100 hivi kwa hekta, unatia kwenye maji na kukoroga upande mmoja mpaka maji yafanye shimo katikati. Hapo unageuza mkono ghafla, maji yanagongana na kutoa povu, unaanza upande wa pili. Hivyo hivyo kwa saa nzima, kisha unanyunyiza ardhini jioni.

Mimi sijaona ushahidi wa kisayansi kwamba pembe linaongeza kitu ambacho samadi iliyoiva haina. Nalisema wazi kwa sababu nalipenda shamba hili na sitaki kulipigia debe kwa uongo. Ninachokiamini ni kile ambacho kazi hiyo inamfanyia mkulima: inamrudisha shambani kwa miguu. Pontet-Canet waliacha kukata ncha za matawi kiangazi, wakaacha kuangusha zabibu changa ili kupunguza mzigo wa mti. Mwaka 2008 wakaleta farasi wa kulima, kwa kuwa trekta linapopita mstari uleule mwaka baada ya mwaka linashindilia udongo hadi mizizi inakosa hewa.

Sasa tuje kwenye ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mizabibu. Wakulima wa zabibu wa Dodoma mnajua ukungu unavyofanya mvua ikizidi. Ubwiri huu ulitoka Marekani ukaingia Ufaransa miaka ya 1870, na dawa yake iligunduliwa palepale Médoc, kijiji cha jirani, Saint-Julien. Mwaka 1882 mtaalamu wa mimea Alexis Millardet aliona mizabibu ya kando ya njia ina majani mabichi huku ya ndani imepukutika. Kumbe wenye mashamba walikuwa wameipaka mrututu, yaani chumvi ya shaba, na chokaa ili wapita njia wasiibe zabibu! Kuanzia hapo shaba ikawa kinga. Wazee wa kahawa wa Kilimanjaro wanaijua vizuri, wameipuliza sana kwenye mibuni kuzuia ugonjwa wa chulebuni.

Lakini shaba hukaa juu ya jani tu. Mvua ikinyesha inaoshwa, na jani lililochipua leo halina kinga yoyote. Dawa za kisasa za viwandani, zile zinazoingia ndani ya mmea, hazisumbuliwi hivyo, na baiodainamiki inazikataza. Tena shaba haiozi, inabaki udongoni, ndiyo maana Ulaya imeiwekea kikomo cha kilo 28 kwa hekta katika miaka saba. Hilo ni doa, na watetezi wa kilimo hiki wasilifiche.

Mwaka 2007 ubwiri ulipozidi, Tesseron alitishika, akaruhusu dawa za viwandani. Mavuno yakaokoka, cheti cha baiodainamiki kikacheleweshwa, naye amekiri hadharani kwamba alijutia. Cheti kilikuja mwaka 2010, na Pontet-Canet likawa la kwanza kukipata kati ya mashamba ya Médoc ya ile orodha ya 1855. Kisha ikaja 2018. Mvua za masika ya kwao hazikupumzika, ubwiri ukapanda kutoka majani hadi vichala, na safari hii hakuna aliyefungua stoo ya dawa. Theluthi mbili za zabibu zilipotea. Najua ni familia yenye uwezo wa kuibeba hasara hiyo. Mkulima wa ekari mbili angefilisika. Hata hivyo, mwenye mali amevumilia kuona mali yake ikikauka mtini, na hilo siwezi kulichukulia kijuujuu.

Theluthi iliyobaki ilipata jua kali la mwisho wa kiangazi. Sehemu ya mvinyo ililala kwenye mapipa ya mwaloni, sehemu kwenye mitungi ya zege ya lita 900 iliyochanganywa kokoto za shamba lenyewe. Mtungi hauna harufu ya mbao, kwa hiyo tunda husikika lenyewe. Nimeuonja mara moja kabla ya leo: zambarau zilizoiva karibu kupasuka, harufu ya mwerezi, halafu ukakasi unaoshika ufizi taratibu na kuachia taratibu.

Basi, nauzibua. Glasi zitapita kuanzia mbele. Asiyekunywa anuse tu, kisha ampe jirani yake.