Mtoto alikula nini saa nne?

Kamwene, ndugu zangu. Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, wenyeviti wa vijiji, mheshimiwa diwani, ahsanteni kwa kuniita.

Mmeniomba nizungumzie ufaulu wa shule zetu za msingi za serikali. Nimeshika chaki miaka mingi katika milima hii ya Iringa, kisha nikawa afisa elimu kata, kwa hiyo karatasi za matokeo nimezibeba sana. Matokeo ya darasa la saba yakitoka, swali la kwanza ni lilelile: tumekuwa wa ngapi? Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora mwanzoni mwa 2023, na mimi naliunga mkono kwa moyo wote. Huku chini bado tunapangana. Mwalimu mkuu wa shule ya kwanza anapigiwa makofi, wa shule ya mwisho anaitwa ajieleze. Mimi nataka tuulize jambo ambalo karatasi ile haina nafasi yake: mtoto huyu alikula nini saa nne?

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulipima watoto walio chini ya miaka mitano. Kwa nchi nzima, waliodumaa walikuwa asilimia 30. Njombe, asilimia 50.4. Hapa kwetu Iringa, asilimia 56.9. Zaidi ya nusu! Na sisi ndio tunaolisha nchi. Malori ya mahindi yanatupita Makambako na Mafinga usiku na mchana. Mtoto wetu hakosi ugali, ndugu zangu. Anakosa cha kuweka pembeni ya ugali. Mama anajifungua, baada ya wiki chache yuko shambani au kwenye chai, mtoto anabaki na dada yake wa miaka saba na uji mwepesi wa asubuhi unaonyweshwa mpaka jioni. Siku elfu moja za mwanzo, tangu mimba mpaka miaka miwili, ndizo zinazojenga ubongo kwa kasi kubwa. Zikipita, hatuna mwalimu wa kuzirudisha. Watoto waliozaliwa 2020 walikuwa miongoni mwa waliohesabika katika rika lile, na mwaka 2026 ndio wa kuanza darasa la kwanza. Wale wa asilimia 56.9 wanakuja kwenye madawati yetu.

Kuna mtoto mmoja wa darasa la pili sijamsahau. Ilikuwa Juni, ukungu umeshuka mpaka dirishani, amevuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole. Nimeandika neno ubaoni, yeye ameandika herufi ya kwanza, penseli imesimama. Nikainama nikamuuliza, mbona huandiki? Akaniambia, "Mwalimu, nilikunywa chai." Ndiyo maelezo yake yote. Chai ya rangi, saa kumi na mbili asubuhi, halafu mguu mpaka shuleni, na chakula kingine mpaka arudi kwa bibi saa kumi jioni. Kwenye fomu ya tathmini nilimwandika kwa mkono wangu: hajamudu KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Fomu ilikuwa sahihi. Mimi ndiye nilikuwa sijaisoma vizuri.

Twende kwenye fedha. Tangu Januari 2016, serikali inapeleka fedha ya uendeshaji moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na hilo ni jema, msilidharau. Kiwango kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 zinafika shuleni. Kiwango hicho kilitokana na dola 10 zilizopangwa wakati wa MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002, dola ilipokuwa karibu na shilingi 1,000. Leo 10,000 hiyo ni kama dola nne. Kwa zile 6,000, shule ya watoto 500 inapata shilingi 250,000 kwa mwezi. Sasa panda kule milimani Kilolo, kwenye shule ya watoto 120: ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Karatasi za mitihani, chaki, bati lililong'olewa na upepo, yote kwenye elfu sitini. Hesabu ya kichwa kwa kichwa inaiumiza shule ndogo, na shule zetu nyingi za vijijini ni ndogo kwa sababu vijiji vimetawanyika. Tunaishindanisha na shule ya mjini, halafu tunashangaa.

Ndani ya fedha hiyo hamna chakula. Waraka namba 5 wa 2015 uliondoa ada na michango ya lazima, lakini chakula cha mtoto wa kutwa kilibaki kwa mzazi. Wengi wetu tulisikia nusu ya tangazo. Nimezunguka shule ambazo sufuria la uji lilifunikwa kifudifudi mwaka ule ule, na jiko likawa stoo ya majembe.

Tupige hesabu pamoja. Siku za masomo kwa mwaka ni 194. Mpe mtoto gramu 100 za mahindi kila siku: ni kilo 19 na kidogo. Hilo ni debe moja, na ndilo ninaloomba kila mzazi amletee mtoto wake shuleni. Maharage gramu 30 kwa siku, hazifiki kilo sita kwa mwaka mzima.

Najua mtaniambia kuna bibi anayelea wajukuu watano. Ni kweli, na mikoa yetu inao wengi. Vijana wetu wamekuwa wakiondoka tangu enzi za manamba wa mkonge, na Ukimwi ulitupiga kuliko wengine. Utafiti wa 2022 na 2023 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima. Bibi huyo asidaiwe debe. Vijiji vingi hapa vina mashamba ya miti, na shule nyingi pia. Mbao zikiuzwa, sehemu inunue maharage ya watoto wa bibi huyo, na iandikwe kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ili mwenyekiti ajaye asiibadilishe.

Halafu 2028 inakuja. Kwa sera mpya, inayofanya shule ya msingi iwe miaka sita badala ya saba, darasa la sita na la saba watamaliza pamoja 2027, na makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mpigo. Kila shilingi ya halmashauri itavutwa kwenye vyumba vya madarasa. Jiko litasahaulika tukinyamaza.

Wenyeviti, debe likusanywe Julai, mahindi yakiwa bado uani. Septemba mnunuzi ameshapita na gari lake.