Sanduku la Maswali: Kufundisha Balehe na Mahusiano Darasani

Walimu wenzangu, somo la balehe likifika, wengi wetu tunauliza, "Nani ana swali?" Tunaambulia vicheko na macho kuangalia chini. Nani asimame mbele ya wenzake arobaini na kitu aulize habari za mwili wake? Leo nazungumzia kifaa kimoja tu, sanduku la maswali, na namna linavyoharibika.

Boksi la viatu linatosha. Lifunge, toboa tundu juu. Kata karatasi za A4 vipande vinne vinne, gawa kimoja kimoja, wote waandike kwa penseli. Nasema wote. Asiye na swali anakili sentensi uliyoiandika ubaoni. Wakiandika watatu tu, darasa zima litawajua, na juma lijalo sanduku litakuwa tupu.

Usilifungue darasani. Yasome peke yako, yanakili kwenye daftari kwa maneno yako, maana miandiko watoto wanatambuana. Na matusi yatakuwemo. Mara nyingi chini ya tusi pana swali la kweli. Liandike upya kwa lugha safi ulijibu. Sema uke, uume, mfuko wa uzazi. Mtoto anayejua "huku chini" tu atashindwa kumweleza nesi panapouma, sembuse polisi.

Swali ambalo halikosekani ni hili: siku za hatari, yaani za kuweza kushika mimba, ni zipi? Hapa ndipo tunapopotosha zaidi. Tunafundisha "siku ya kumi na nne" kana kwamba ni sheria. Yai hupevuka takriban siku 14 kabla ya hedhi *ijayo*, si baada ya iliyopita. Mwenye mzunguko wa siku 28, hesabu inaangukia siku ya 14. Mwenye mzunguko wa siku 40, ni kama siku ya 26. Binti aliyevunja ungo karibuni anaweza kwenda siku 21 mwezi huu na 45 unaofuata, kwa hiyo hajui ijayo itakuja lini. Yai linaishi kama siku moja, lakini mbegu za kiume huweza kuishi hadi siku 5 mwilini. Chora mizunguko hiyo miwili ubaoni, mmoja chini ya mwingine, waone wenyewe kwa nini kalenda haimlindi. Wavulana wawepo. Somo la kwanza mnaweza kuwatenganisha ili aibu ipungue. Mkiwatenganisha moja kwa moja, mvulana atabaki na elimu ya kijiweni. Kungwi alikuwa na wari wake, mabinti waliovunja ungo, peke yao, lakini kungwi alikuwa akimwandaa mtu kwa ndoa, sisi tuna watoto wa darasa la sita.

Sasa ile karatasi inayotisha: "Mjomba ananishika usiku." Usiisome kwa sauti, usiichane, na usianze kulinganisha miandiko mbele yao. Ihifadhi, mweleze mwalimu wa ushauri nasaha siku hiyohiyo. Kesho yake liambie darasa lote, bila kutaja karatasi: anayeguswa asivyotaka hana kosa, simu 116 ya msaada kwa watoto ni ya bure, Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi, na aliyebakwa afike hospitali mapema, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72. Saa hizo huliwa na vikao vya familia. Na usiahidi siri. Sema mapema: "Ukiniambia unaumizwa, nitamtafuta wa kukusaidia." Ukiahidi kisha ukatoboa, mtoto hatamwambia mtu mwingine tena.

Maswali ya mapenzi, kama "nitajuaje ananipenda", msiyajibu kwa hotuba. Wape kisa: kijana amemnunulia binti chipsi na vocha, sasa anadai. Waulize anadai nini, na nani alikubaliana naye. Kaa kimya dakika mbili. Watabishana wenyewe, na ubishi huo ndio somo la ridhaa.

Jambo dogo la mwisho: sanduku lisikae ofisini kwa mwalimu mkuu. Huko watoto hawapiti kwa hiari yao.