Hadina Hainuki: Mazungumzo na Mafundi Rangi wa Tanga

Assalaam alaykum, na habari za asubuhi. Vijana wa Ngamiani nawaona mmejipanga karibu na mlango. Vizuri, nusu ya somo mmeshalijua: kaa penye hewa.

Land Rover ile pale nje ni Series IIA, toleo lililoanza 1961 likaishia 1971. Imebeba watu kwenye shamba la mkonge mpaka ikachoka. Bodi yake karibu yote ni aluminiamu, kwa hiyo kutu itafuteni kwenye chesisi, ile fremu ya chuma ya chini. Rangi za zamani vile huenda zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, basi msasa uwe wa maji, vumbi lisipande. Hilo mnalijua, nalipita.

Mimi nimekuja kwa ajili ya hadina, ile dawa mnayochanganya na rangi ili ikauke na kuwa ngumu.

Fundi wa kwetu anapima hatari kwa pua. Kikinuka kikali anajitenga, kisiponuka anapiga kazi. Thina, ile ya kuzimulia rangi, inanuka, kweli, na inalevya. Lakini hadina ya rangi za siku hizi ina kemikali iitwayo isosianeti, na hiyo utakuja kuisikia puani wakati imeshavuka kiwango cha kudhuru. Kule Uingereza imehesabiwa kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa visababishi vikubwa vya pumu ya kazini, na wapiga rangi wa magari wako mstari wa mbele. Pumu yenyewe haina adabu: mwili ukishaanza kuikataa isosianeti, kiasi chake kidogo mno kinatosha kukubana kifua.

Nilipokuwa mwanafunzi niliambiwa ninywe maziwa kabla ya kazi, yasafishe kifua. Nikanywa miaka. Jamani, maziwa yanakwenda tumboni, ukungu wa rangi unakwenda mapafuni! Yanyweni kwa kuwa ni matamu, basi. Na ile kanga mnayojifunga puani inazuia vumbi la barabarani tu.

Sasa tazameni kosa ambalo hata mwenye vifaa hulifanya. Amemaliza koti la mwisho la rangi. Anapandisha barakoa kwenye paji la uso, anainama, anachungulia ubavuni mwa gari dhidi ya mwanga kuona kama rangi imetiririka. Machoni hewa imeshatakata, kumbe ukungu mwembamba usioonekana bado unaelea, na hapo ndipo anapovuta pumzi ndefu ya kuridhika. Toka nje ukiwa umevaa, uvulie huko, kazi yako haikimbii.

Kuchanganya: soma kopo. Klia, ile rangi angavu ya kung'arisha inayopigwa juu, nyingi ni sehemu 2 za klia kwa 1 ya hadina, lakini ziko zenye vipimo vyao, na kikombe chenye mistari hakina gharama ya kukutisha. Kuna wanaoongeza hadina "ikauke haraka, mvua inakuja". Wanapata rangi inayokatika kama kaukau, na sumu zaidi hewani. Vaa glavu, maana hata ngozi inaipokea.

Na hapa pwani kuna jambo la ziada. Hadina ikikutana na maji hutoa gesi. Kopo lililoachwa wazi usiku kucha kwenye unyevu wetu huu, ukalifunika asubuhi, linaweza kuvimba mpaka kufumuka. Ukiona kopo limetuna tumbo, usilitingishe wala usilifungue karibu na uso.

Mama lishe na jiko lake la mkaa asogee mbali. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni kimyakimya mpaka ukutane na moto, kisha unarudi nao ulikotoka.

Naona mkono. Naam, mzee wangu?

Anauliza: yeye ana ndevu, hatazinyoa, je, barakoa itamkaa? Swali zuri, shikamoo. Barakoa ya kubana uso haishiki juu ya ndevu, hewa chafu itapenya pembeni. Kwako wewe ni kofia pana ya kufunika kichwa kizima, inayoletewa hewa kwa mpira, na kwa rangi hizi ndiyo ningependa kila mmoja avae. Ila hewa ya kompresa haivutwi hivihivi, ina mvuke wa oili: lazima ipite kwenye vichujio vya hewa ya kupumua. Na kompresa yenyewe ikae nje, upande upepo unakotoka, mbali na moshi wa jenereta. Twendeni nje niwaonyeshe inavyofungwa.