Simu Ifuate Barua Lini, na kwa Mtandao wa Nani

(Mhadhara kwa makatibu na wahasibu wa vyama vya msingi vya ushirika, Newala)

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu makatibu, ndugu wahasibu, na nyie watunza ghala mliojibanza karibu na mlango, sogeeni mbele, viti vipo.

Nimeombwa nizungumzie baruapepe kwenye simu. Nilipouliza hasa mnasumbuliwa na nini, nikaambiwa mambo mawili: barua zinachelewa, na bando linakwisha hujui limekwendaje. Mara nyingi yote mawili yana chanzo kimoja. Simu inatoka kiwandani ikiwa imepangwa kwa ajili ya mtu anayeishi mahali ambapo mtandao haukatiki na wala haupimwi kwa MB. Ikishafika huku inaendelea kujiamulia: lini iwasiliane na seva (kompyuta inayotunza barua zako), ibebe nini, na ipite njia ipi. Leo tunaipokonya maamuzi hayo.

Tuanze na lini. Kama anwani yako ni ya Gmail na unasoma kwenye programu ya Gmail, barua husukumwa kwako. Seva ya Google inaigutusha simu kupitia muunganisho mmoja ambao programu nyingi zinautumia kwa pamoja, kwa hiyo gharama yake ni ndogo. Hapo usiguse kitu. Kazi ipo kwenye anwani ya ofisi, ile yenye jina la taasisi mwishoni, ambayo wengi wenu mmeiongeza kwenye programu hiyohiyo kwa njia ya IMAP, yaani barua zinabaki kwenye seva na simu inazisoma huko. Hiyo haisukumwi. Simu yenyewe ndiyo inayokwenda kuuliza, na unapewa uchague: kila dakika 15, kila dakika 30, kila saa, au isiulize kabisa mpaka wewe ufungue.

Dakika 15 maana yake ni mara 96 kwa siku, na usiku umo, wewe umelala na aliyepaswa kukuandikia naye amelala. MB za kuuliza tu ni chache, sitaki kuwatisha. Kinacholiwa ni chaji. Kila swali linaamsha redio ya simu, na redio ikishaamka haizimiki hapohapo, inabaki macho sekunde kadhaa ikingoja kama kuna kingine. Sasa ongeza na umbali wa mnara. Mnara ukiwa mbali simu inapaza nguvu, kama mtu anayemwita mwenzake aliye upande wa pili wa bonde, mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Kwenye 2G, ule mtandao wa zamani wa kasi ndogo, wa masafa ya megahezi 900, simu inaweza kufikia wati 2, wakati kwenye 4G kikomo cha kawaida ni kama wati 0.2. Ndiyo maana siku unayoshinda ghalani kijijini, simu imening'inia kwenye 2G, chaji inakata mapema ingawa hujapiga hata simu tatu.

Kwa hiyo mimi nashauri saa moja kwa siku za kawaida, na dakika 30 msimu wa korosho ukianza Oktoba. Siku ya mnada usitegemee ratiba yoyote. Fungua mwenyewe, vuta orodha chini kwa kidole, barua ije. Tangu toleo la 6 la Android, la mwaka 2015, simu iliyolala mezani bila kuguswa hukusanya kazi zake na kuzifanya kwa mafungu, kwa hiyo hata hizo dakika 15 zako si dakika 15 za saa ya ukutani.

Wenye iPhone, angalieni kitu kimoja. Katika sehemu ya kuchukua data kuna chaguo la otomatiki. Jina linapendeza, lakini maana yake ni kwamba simu itachukua barua chinichini pale tu inapokuwa kwenye chaji na kwenye waifai. Ukiona barua ya asubuhi inaingia usiku baada ya kuchomeka chaji nyumbani, usimlaumu aliyeituma.

La pili ni mzigo. Barua ya maneno matupu ni nyepesi mno, hata 2G inaibeba. Kinachomaliza bando ni viambatisho: stakabadhi ya ghala iliyopigwa picha, orodha ya wakulima ya kurasa 40 iliyoskaniwa kwa rangi wakati nyeusi na nyeupe ingetosha kabisa. Na kuna jambo wengi hawalijui. Faili likiingia kwenye barua hubadilishwa kuwa herufi za kawaida ili liweze kusafiri, na mabadiliko hayo hulinenepesha kwa karibu theluthi moja. Faili la MB 6 linasafiri likiwa MB 8. Kwa 2G inayotembea kilobiti 100 kwa sekunde, hizo ni zaidi ya dakika 10 simu ikiwa hewani, na ikikatika katikati mara nyingi inaanza upya na bando linakatwa tena.

Mpangilio wake uko hivi: ndani ya Gmail kuna sehemu inayosema viambatisho vipakuliwe vyenyewe kwa waifai. Iacheni hiyo. Ukiwa nje, maneno ya barua yanakuja kwa data ya simu, na faili linabaki kwenye seva mpaka uliguse mwenyewe au ufike ofisini. Sehemu hiyohiyo kuna idadi ya siku za barua za kusawazisha, kwa kawaida ni 30. Kwa simu yenye nafasi ndogo, weka 7. Barua za zamani hazifutiki, ziko kwenye seva.

Nasema ziko kwenye seva kwa sababu nadhani mnatumia IMAP. Kuna njia nyingine, POP, na mimi siipendi kwa kazi za ofisi. Mara nyingi POP inashusha barua na kuifuta kwenye seva. Simu ikizama Ruvuma, na kumbukumbu za chama zimezama.

Mei 2024 mnaikumbuka. Kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara ya Dar es Salaam kule Kilwa, karatasi zikakwama. Watu wakasema haya, tutumie baruapepe. Mwezi huohuo, tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom nazo zikapata hitilafu, intaneti ikayumba nchi nzima. Siku kama hiyo hakuna mpangilio utakaokuokoa, lakini kuna namna ya kujiharibia: kufuta akaunti ili uiweke upya. Kwa IMAP utapoteza muda tu. Kwa POP unaweza kupoteza barua zenyewe. Kama kurasa nyingine nazo hazifunguki, tatizo si akaunti. Iache.

La tatu, njia, na hapa nitakaa kidogo.

Simu inaamini kwamba waifai ni ya bure. Sasa mwenzako akikuwashia hotispoti, kwa simu yako hiyo ni waifai, na vile viambatisho vyote ulivyovizuia vinapata ruhusa. Android ikipokea kutoka kwa Android mwenzake mara nyingi inatambua kuwa mtandao huo unapimwa. Ikipokea kutoka kwenye kale karouta ka mfukoni haitambui. Gusa jina la mtandao huo, tafuta mahali pa kuutaja kuwa unatozwa kwa matumizi, chagua. Msipofanya hivyo mtagombana na wenzenu ofisini. (Kicheko.)

Halafu mpaka. Ukisimama Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma lote liko chini yako na Msumbiji iko wazi mbele ya macho. Simu nayo inaiona hivyohivyo. Mawimbi hayana uhamiaji. Ndugu zetu wa vijiji vya bondeni na wa Kitaya kule Mtwara wanalijua hili: uko kwako, hujavuka popote, simu inakukaribisha Msumbiji na saa yake inarudi nyuma saa nzima, maana wenzetu wa ng'ambo wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukiona saa imerudi, jua uko kwenye mnara wa watu. Barua zikisawazishwa hapo unalipa bei ya romingi, yaani ya kutumia mtandao wa nchi nyingine, na Msumbiji haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, usitarajie nafuu ya huko.

Zima romingi ya data, na uizime kwa kila laini, kwa sababu kwenye simu ya laini mbili ruhusa hizo zimetengana. Hiyo inazuia data. Ili simu isirukie kabisa upande wa pili, nenda kwenye uchaguzi wa mtandao, ondoa otomatiki, chagua kampuni yako kwa mkono. Ubaya wake ni kwamba ukivuka kwa safari halali, pale Daraja la Umoja Mtambaswala, simu itakuwa bubu mpaka urudishe otomatiki.

Maswali. Ndiyo, mama.

(Swali: simu inapokea barua, lakini zinazotoka zinaganda.)

Kupokea na kutuma ni seva mbili tofauti, mama, kila moja na mlango wake. Ya kupokea kwa IMAP inatumia mlango namba 993, hiyo yako ni nzima. Angalia ya kutuma, nahisi imeandikwa 25. Watoa huduma wengi wameufunga mlango huo kwa sababu ya barua taka. Weka 587, au 465 kama fundi wa ofisi yenu ndiyo aliyowapa, na hakikisha ulinzi na nenosiri vimewashwa huko pia.

(Swali: kwenye waifai ya gesti inakuja onyo la cheti.)

Usikubali. Cheti ni kitambulisho cha seva, na onyo lina maana simu haina uhakika inaongea na seva yenu. Mara nyingi gesti inataka kwanza ufungue ukurasa wao uweke namba ya chumba. Fungua kivinjari, maliza hilo, rudi kwenye barua. Onyo likibaki, zima waifai yao utumie bando lako, nenosiri la chama lina thamani kuliko MB mbili.

Haya, toeni simu. Wenye iPhone kaeni upande wa dirishani, wenye Android huku kwangu. Mwenye laini mbili anyooshe mkono nianze naye.