Gigabaiti Zimekwenda Wapi? Kutafuta Nafasi Iliyopotea Baada ya Kufomati

Ndugu zangu, karibuni. Naona wengi mmekuja na kompyuta zenu, na hilo ni jema, maana tutazihitaji kabla hatujaachana.

Kuna kijana aliniletea kompyuta yake akiwa karibu kulia. Diski ilikuwa ya gigabaiti 500. Alifuta C, ile sehemu ya diski inayobeba Windows, akaweka Windows upya, na kazi ilipokwisha akakuta C ina gigabaiti 97. Akarudia kufomati, yaani kuifuta sehemu hiyo na kuiandaa upya, ikatoka 97 ileile. Safari ya tatu, kwa hasira, akafomati na D, sehemu nyingine ya diski hiyo, tena kwa ile fomati ndefu ambayo tangu Windows Vista huandika sifuri diski nzima. D ndiko zilikokuwa picha za familia yake. Picha zile hatukuweza kuzirudisha, na gigabaiti alizokuwa akizitafuta zilikuwa ndani ya diski muda wote. Kila alipokuwa akiinstoli, kwenye kisanduku cha ukubwa aliandika 100000, akidhani anaomba nafasi kubwa sana. Kisanduku kile kinahesabu megabaiti. Gawanya 100000 kwa 1024, utapata 97 na ushei.

Ndiyo maana leo ninawaomba jambo moja: namba isipoeleweka, msifomati tena. Isomeni kwanza.

Na isomeni kwa baiti. Bofya kulia kwenye diski, fungua sifa zake, utaona ukubwa umeandikwa mara mbili: namba ndefu ya baiti, na pembeni yake namba fupi ya gigabaiti. Ile ndefu ndiyo ya kuamini. Mtengenezaji wa diski huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000. Windows huihesabu kuwa 1,073,741,824, yaani 1024 × 1024 × 1024. Kwa hiyo diski ya baiti 500,000,000,000 kwenye Windows inasomeka 465, na ya terabaiti moja inasomeka 931. Hapo hakuna aliyeibiwa. Ni kitambaa kimoja, mmoja kakipima kwa yadi na mwingine kwa mita. Mwaka 1998 shirika la viwango la IEC lilitoa jina jipya, gibibaiti, kwa kipimo hiki cha 1024, lakini Windows bado inaandika GB. Apple nao, tangu Mac OS X 10.6 ya mwaka 2009, wanahesabu kwa elfu, hivyo diski ileile ukiichomeka huko itasomeka 500. Mimi naona Windows wangebadilisha zamani, maana mkanganyiko huu unawatia watu hofu bure.

Basi, upungufu ukiwa karibu asilimia 7 kwenye gigabaiti, lala usingizi. Ukizidi hapo, kuna kitu cha kutafuta.

Shika kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc. Utaona diski nzima imechorwa kama ubao uliokatwa vipande. Vipande vidogo vya megabaiti mia au mia kadhaa ni vya kuwashia na kuokolea mfumo; viacheni. Kikiwapo cha gigabaiti kumi na kitu, mara nyingi aliyeunda kompyuta ameweka humo nakala ya kurudishia mfumo. Kipande chenye ufito mweusi juu ndicho tunachokitafuta: hakijagawiwa, hakina mwenyewe. Unaweza kukitengenezea herufi yake, au kukiunganisha na C. Ila kuunganisha kunakubali pale tu kipande hicho kinapopakana na C upande wa kulia. Patisheni nyingine, yaani kipande kingine, ikikaa katikati, hata iwe ndogo namna gani, amri ya kupanua itabaki imefifia, na watu wengi hapo hudhani kompyuta imeharibika.

Wenye diski kubwa, nisikilizeni zaidi. Diski ikiandaliwa kwa mpango wa zamani wa kugawa vipande, uitwao MBR, hesabu ya sekta, yale mafungu madogo ya diski, haiwezi kupita biti 32, yaani tarakimu 32 za sifuri na moja. Kwa sekta za baiti 512, kikomo ni baiti 2,199,023,255,552. Diski ya terabaiti nne itatumika gigabaiti 2048 tu, na zaidi ya 1600 zitabaki nyeusi, hata ukifomati mwaka mzima. Dawa ni mpango mpya zaidi, uitwao GPT. Kwa diski ya kuhifadhia data, hamisha kila kitu kwanza, futa patisheni zote, kisha ibadilishe.

Na bado kuna kompyuta za kale zinazofanya kazi. Windows XP ya mwaka 2001, kabla ya Service Pack 1, kifurushi chake cha kwanza cha masasisho, haikuweza kuhesabu sekta kupita biti 28, yaani baiti 137,438,953,472, ambazo inazisoma kama gigabaiti 128. Aliyekuwa na diski ya 250 akainstoli kwa ile sidii ya kwanza, karibu nusu ya diski hakuiona.

Ikiwa hata bayosi, ile programu ya kwanza kuamka kompyuta ikiwashwa, inasoma ukubwa pungufu, kabla Windows haijawaka, acheni kabisa habari ya kufomati. Hapo tatizo liko kwenye ubao wa kompyuta au kwenye diski yenyewe.

Sasa fungueni kompyuta zenu, mwandike diskmgmt.msc. Mtazame tu, msibonyeze kitu. Anayeona ufito mweusi anyooshe mkono, nakuja.