Hashakum, Bosnia: Mak Dizdar na mawe ya Stolac

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Naanza na noti. Pesa ya Bosnia inaitwa marka, na noti za kumi ziko mbili, zote halali. Moja ina sura ya Aleksa Šantić wa Mostar, nyingine ina Mak Dizdar wa mji wa Stolac. Wote wawili ni washairi. Ukiigeuza ile ya Dizdar unakutana na jiwe la kaburi. Leo nasema juu ya huyu wa jiwe.

Wanaonifahamu wameshanisikia, na nitarudia, kwa sababu kila nikiitaja Bosnia najibiwa kwa vita: 1992 hadi 1995, Sarajevo kuzingirwa, mauaji ya Srebrenica. Hayo yalitokea na hayasahauliki. Lakini watu wale walikuwa na maneno yao kabla ya risasi, na mimi nimekuja kwa ajili ya maneno. Wasifu wake mnao kwenye karatasi mliyopewa mlangoni: Mak Dizdar, jina lake la kuzaliwa Mehmedalija, amezaliwa 1917, amefariki 1971. Sitausoma. Naingia kwenye shairi.

Linaitwa Zapis o zemlji. Zapis ni maandishi, na kwao neno hilo hilo hutumika kwa hirizi; zemlja ni nchi, na pia udongo. Kisa chenyewe ni kifupi. Mdadisi mmoja anamwuliza mwenzake: ni nani huyo, ni kitu gani hicho, da prostiš, iko wapi, imetoka wapi, inakwenda wapi hiyo Bosnia?

Da prostiš. Ukilishika juu juu ni “unisamehe”. Nilipoanza kulifasiri niliandika “samahani”. Nikasoma kwa sauti, ubeti ukalala. Nikajaribu “niwie radhi”, kisha “kumradhi”. Kumradhi ni adabu ya mtu anayepita mbele ya watu waliokaa barazani; haina shombo. Na da prostiš ya pale ina shombo, nilikuwa naisikia bila kuweza kuionyesha. Nilikaa nayo wiki tatu.

Siku moja naosha vyombo, nikamkumbuka bibi yangu, Pangani. Bibi hakuwahi kutaja kiatu bila kutanguliza neno la kuwaomba radhi wanaomsikiliza. “Nisogezee, hashakum, kiatu changu.” Punda wa jirani, hashakum. Choo, hashakum. Na akilitamka aligeuza uso pembeni kidogo, ncha ya kanga ikapanda mdomoni, kama mtu anayekinga kitu kisimrukie anayemsikiliza.

Nikaacha sahani ndani ya beseni. Yule mdadisi anaitaja Bosnia kama bibi alivyotaja kiatu! Jina la nchi nzima, kwake, ni kitu cha kufunikwa kabla hakijatoka mdomoni. Sasa sikilizeni anavyojibiwa. Anayejibu hatukani, wala hapandishi sauti. Analiokota neno lile lile na kumrudishia. Bosnia, hashakum, ni nchi, ipo. Ni ya kufunga na kushinda na njaa, iko pekupeku, hashakum. Ina baridi, haijashiba. Na juu ya hayo yote, hashakum, ni kaidi. Kila akilirudia linazidi kuwa lake. Neno lililoletwa kumwonea haya limekuwa ndilo la kupigia mdundo.

Najua kuna atakayesema hashakum ni neno la wazee, vijana hawalijui. Basi walijue! Hashakum si matusi, na lugha haikuliweka neno hilo miaka yote hiyo ili tuje tuliache kwenye kamusi siku lilipohitajika. Nimechoka kusikia kwamba Kiswahili hakiwezi ushairi wa Ulaya, na anayesema hivyo hajamaliza hata kuwauliza wazee wa nyumbani kwake. Halafu tuna jambo jingine na wale watu. Wao wana sabur, sisi tuna subira. Wao wana sevap, sisi thawabu. Dova yao ni dua. Kaburi, kwa neno lao moja la zamani, ni kabur. Kiarabu kiliwafikia kwa mkono wa Waturuki, sisi kilitujia kwa bahari. Kwa hiyo msiniambie ni mbali.

Turudi kwenye mawe, maana mshairi huyu hakuokota lugha yake hewani. Kilomita tatu hivi kutoka Stolac kuna mahali panaitwa Radimlja, mawe 133 ya makaburi ya Zama za Kati. Jiwe moja la aina hiyo huitwa stećak. Bosnia nzima na majirani zake wana kama 70,000. Barabara ya mwaka 1882 ilipasua katikati ya uwanja huo na mawe mengine yakaharibiwa. Mashuhuri kuliko yote ni lile la mwanamume aliyesimama wima, mkono wa kulia ameuinua, kiganja kikubwa kupita uso wake. Vidole vimetanuka. Watu wamebishana kama anasalimu, anaapa au anazuia. Dizdar ana shairi fupi ambamo mkono ule unamwambia mpita njia asimame, aitafakari mikono yake mwenyewe. Mistari michache tu. Ukitoka hapo unajikuta umeviangalia viganja vyako.

Na mawe mengine yana maandishi. Wachongaji waliweka majina yao. Huko Boljuni, karibu na Stolac, yuko mmoja anaitwa Grubač. Na kwenye mengine marehemu anazungumza mwenyewe: nilikuwa kama mlivyo, nanyi mtakuwa kama nilivyo. Dizdar aliyasoma maandishi hayo kama sisi tunavyosoma tenzi, akajifunza sarufi yake ya kale, na mwaka 1966 akatoa kitabu cha mashairi, Kameni spavač, yaani mlalaji wa jiwe. Nakiita Mlalajiwe. Ndiyo, nataka msikie mlalahoi ndani yake.

Hapa huwa naulizwa: mtu aliyezaliwa katika nyumba ya Kiislamu, makaburi ya Wakristo wazushi anayatakia nini? Kwanza, watafiti wa leo hawakubali kwamba mawe yale yalikuwa ya wazushi peke yao. Yalichongwa kwa ajili ya Wakatoliki, Waorthodoksi na watu wa Kanisa la Bosnia, hao walioitwa wazushi. Pili, waliolala pale ni wenyeji. Waturuki walipoitwaa Bosnia mwaka 1463, vitukuu vya waliochongewa mawe ndio waliokuja kujaza misikiti na makanisa ya baadaye. Alikuwa anawasoma wazee wake. Na tatu, ambalo silipiti haraka: mwaka 1945 mama yake, Nezira, na dada yake, Refika, waliuawa katika kambi ya mauaji ya Jasenovac, huko Kroatia. Kambi ile haikumchongea mtu jiwe. Nikilisoma shairi lolote la Dizdar linaloanza na “hapa amelala”, siwezi kuwatoa wanawake wale wawili kichwani.

Naona saa inanionya. Nilitaka kueleza Vidovopoljska noć, kitabu chake cha kwanza cha 1936, kilichopigwa marufuku na wakaguzi wa serikali ya kifalme ya Yugoslavia, na Stari bosanski tekstovi, mkusanyo wake wa maandishi ya kale. Vitasubiri. Kuna pia makala yake ya 1970 kuhusu lugha, alipotetea Kibosnia kiwe na jina lake na heshima yake, ikamletea mashambulizi. Mwaka uliofuata akafariki. Na shairi lake Modra rijeka, mto wa buluu ambao hakuna ajuaye uliko, ila lazima tuuvuke, kila mtu wa Sarajevo anaujua kwa moyo.

Nibakize moja. Jina la nchi ni Bosna. Katika jibu la yule mtu, maneno yanaishia na silabi ile ile: posna, ile ya kufunga, prkosna, ile kaidi, na neno la mwisho kabisa ni sna. Kaidi, od sna. Na sna inatokana na san, ambalo kwao ni usingizi na ni ndoto, yote mawili kwa wakati mmoja. Nchi ni kaidi kutokana na usingizi, nchi ni kaidi kutokana na ndoto. Sisi tumeyatenga. Nimejaribu njozi, nikapoteza usingizi wa mle jiweni. Nimejaribu lepe, ni jepesi mno. Nyuma pale kuna wazee wa Lamu na wa Pemba. Mwenye neno moja linalobeba yote mawili anipe kabla hatujatoka, kalamu ninayo.