Mionzi ya magoti Ujerumani: kabla hujauza kiwanja

Habari zenu wapendwa. Leo najibu maswali mawili. La kwanza kila nikifungua maoni nalikuta: "Dada, ulisema umepigwa mionzi ya magoti, kwani una saratani?" Sina saratani, Mungu ni mwema. La pili ni la anayeuliza kama auze kiwanja amlete mama yake apigwe mionzi hiyo huku Ujerumani. Na wale mtakaosema naringia hospitali za Wazungu, naomba mnisikilize kwanza. Nilipoongelea makato ya mshahara mliniambia nalalamika, nirudi nyumbani. Sasa sijui niongee lipi.

Kazi yangu mnaijua, nahudumia wazee. Kumgeuza mtu mzima kitandani, kumwinua, kumshusha. Magoti yakaanza kuvimba, daktari wa mifupa akasema gegedu, ile tishu laini inayozuia mifupa ya goti isisagane, limesagika ila operesheni bado. Dawa na mazoezi nilishapitia, ndipo akataja mionzi ya dozi ndogo. Ujerumani wameitumia kwa maumivu ya viungo kwa zaidi ya miaka 100. Kipimo chake ni grei. Mgonjwa wa saratani anaweza kufikishwa hata grei 60. Goti hupewa nusu grei hadi 1 kwa mara moja, jumla 3 hadi 6, basi. Unalala, wanakuchora alama gotini kwa kalamu, mhudumu anatoka, mlango ule mzito unafungwa. Mashine inanguruma kidogo, husikii chochote mwilini, unavaa suruali yako unaondoka. Inalenga kutuliza uvimbe. Gegedu lililosagika halirudi.

Kilichonichosha ni makaratasi. Rufaa kutoka kwa daktari wa familia kwenda kwa wa mifupa, nyingine kwenda kituo cha mionzi, nafika mapokezi naambiwa hii ni ya robo ya mwaka iliyopita, lete mpya. Nimetoka zamu ya usiku! Bima ya lazima ndiyo iliyolipa, na msiseme nimetibiwa bure. Kiwango cha msingi ni asilimia 14.6 ya mshahara, na nyongeza juu yake. Nusu mwajiri, nusu mimi, kila mwezi, niumwe nisiumwe. Halafu ndugu yangu wa damu ananipigia: "Hela ya mionzi unayo, ya ada ya watoto huna." Iliniuma kuliko goti.

Je, inasaidia? Mimi baada ya wiki kadhaa nashuka ngazi vizuri zaidi, lakini siwezi kuwaapia kwamba ni mionzi. Uholanzi walijaribu kwa wagonjwa wa magoti na wa mikono, wengine wakapewa mionzi ya uongo bila kujua. Baada ya miezi 3 hakukuwa na tofauti ya maana. Korea Kusini, mwaka 2025, matokeo ya watu 114 wenye magoti ya hali ya wastani yalionyesha asilimia 70 hivi ya waliopewa grei 3 walipata nafuu, na kwa wa mionzi ya uongo ni asilimia 42. Hao asilimia 42 hawakupigwa chochote, na wakapata nafuu! Kwa hiyo mtu akikuambia ni tiba ya uhakika, muulize anauza nini.

Sasa wewe unayetaka kumleta mama. Bima ya viza ya Schengen, ile inayolipia hadi euro 30,000, ni ya dharura, hailipii matibabu uliyoyapanga. Hospitali itataka hela mkononi kabla hajapanda ndege. Na huko nyumbani, mashine za Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, zina foleni ya wagonjwa wa saratani, msiende kugombana nao. Vijana chini ya miaka 40 na wajawazito, hata huku madaktari hawapendi kuwapiga mionzi hii.

Kwa maoni yangu, na ni yangu peke yangu maana kila mwili na mambo yake, hiyo hela ya kiwanja usiiguse. Mpeleke mama kwa daktari wa mifupa, goti lipigwe picha, apate mtu wa mazoezi ya viungo anayemfuatilia kweli, na kama uzito upo upungue. Akishafanya hayo miezi kadhaa na bado halali kwa maumivu, niandikie, nitakueleza maswali ya kumuuliza daktari.